Mshindani Mpya wa Bedford na Mustakabali wa Bustani Kongwe za Burudani Uingereza

Chanzo cha utata

Tangu tarehe 9 Aprili 2025, siku Waziri Mkuu wa Uingereza, Keir Starmer, alipotangaza kwamba serikali yake na kampuni ya Universal ya Marekani zimeafikiana juu ya ujenzi wa bustani kubwa ya burudani karibu na mji wa Bedford, maneno yamekuwa mengi na ya kupingana, hata mtu asiye na ilimu ya tijara hii hajui ashike lipi na aache lipi. Wako wasemao kwamba Alton Towers, Thorpe Park na nyinginezo zimekwisha kuandikiwa ajali yao. Na wako wasemao kinyume cha hayo, kwamba haijapata kuzishukia bustani hizo neema kubwa kuliko hii, kwani mshindani huyu atawaleta watalii wengi kutoka ng'ambo, nao hawatakosa kuzizuru na zile za zamani. Baina ya makundi haya mawili wamo wazazi wanaoweka akiba kwa ajili ya safari ya siku moja ya watoto wao, na wamo wafanyakazi wa msimu ambao riziki yao imo katika bustani hizo, na hao ndio wenye haki ya kuelezwa jambo hili kwa utulivu.

Yaliyothibiti ni haya. Ardhi yenyewe ni ya ekari 476, mahali paitwapo Kempston Hardwick, palipokuwa zamani na matanuri ya kuchomea matofali. Iko kando ya reli itokayo London St Pancras, ambayo treni yake ya haraka hufika Bedford kwa muda wa dakika arubaini hivi, na uwanja wa ndege wa Luton umo katika njia hiyo hiyo. Kampuni imesema kwamba itafungua milango mwaka 2031, kwamba inataraji wageni milioni 8.5 katika mwaka wa kwanza, kwamba itajenga hoteli ya vyumba 500, na kwamba watu 8,000 watapata kazi humo bustani itakapoanza kuendeshwa. Serikali nayo imejifunga kugharimia upanuzi wa stesheni ya Wixams na wa barabara zinazoelekea huko. Ili msomaji apate kipimo, Alton Towers na Legoland ya Windsor, ambazo ni miongoni mwa zinazoongoza nchini, kila moja hupata wageni milioni mbili na kitu kwa mwaka. Basi huyu ajaye anataraji kupata, kabla hajazoeleka, zaidi ya mara tatu ya mwenyeji aliye mkubwa.

Liko na jambo jingine lililozidisha utata, nalo ni kwamba Waingereza wamekwisha kuahidiwa makubwa ya namna hii mara nyingi, wala yasitimie. John Broome, mtu aliyeigeuza Alton Towers ikawa bustani ya pembea mwaka 1980, alilinunua jengo la mtambo wa umeme wa Battersea mwaka 1987 akitaka kuligeuza liwe jumba la burudani. Kazi ikasimama mwaka 1989, na mwaka uliofuata Alton Towers yenyewe ikaingia mikononi mwa kampuni ya Tussauds. Mradi wa Swanscombe, katika jimbo la Kent, ulitangazwa mwaka 2012 kwa mbwembwe nyingi, na maombi yake ya kibali yakaondolewa mwaka 2022, baada ya ardhi yake kuwekwa katika hifadhi ya viumbe. Kwa sababu hiyo wenye bustani za zamani walizoea kuzisikia habari za mshindani mkubwa kama wanavyosikiwa watabiri wa mvua isiyonyesha. Lakini hali ya sasa si ile. Mjenzi wa Bedford amekwisha kuinunua ardhi, na nyuma yake imo Comcast, kampuni iliyoinunua Sky, yenye fedha yake mkononi wala si ya kubahatisha kwa wakopeshaji.

Bustani zilizopo, na namna zilivyozaliwa

Bustani kongwe za Uingereza hazikuzaliwa kwa mpango mmoja, wala hazikujengwa na watu wa tabia moja. Pleasure Beach ya Blackpool ilianza mwaka 1896, ufukweni, kwa ajili ya watu wa viwanda vya kaskazini waliokuwa wakipata likizo chache. Wicksteed Park ya Kettering ilifunguliwa mwaka 1921 na mwenye kiwanda aliyetaka watoto wapate pa kuchezea. Chessington ilikuwa bustani ya wanyama tangu mwaka 1931 kabla haijawa ya pembea mwaka 1987. Thorpe Park, iliyofunguliwa mwaka 1979, imekaa juu ya mashimo ya kokoto yaliyojaa maji. Na Legoland ya Windsor iliirithi mwaka 1996 ardhi iliyokuwa ya wanyama pori.

Alton Towers, iliyo Staffordshire, ni kisa cha pekee, kwani ni magofu ya kasri la masharifu wa Shrewsbury pamoja na bustani zake za maua, na sheria za mipango ya ardhi haziruhusu mitambo ipande juu ya vilele vya miti. Wajenzi wake walipotaka kuweka pembea ya reli iitwayo Nemesis, iliyofunguliwa mwaka 1994, mbunifu John Wardley hakuwa na njia ila kuchimba mwamba na kuiteremsha pembea ndani ya shimo. Na kile kilichokuwa kizuizi kikawa ndicho kilichoifanya isifanane na nyingine yoyote duniani. Naomba msomaji alishike jambo hili, maana hoja ya mwisho wa makala haya imeegemea hapo.

Sehemu kubwa ya bustani hizi leo iko chini ya bwana mmoja. Kampuni ya Merlin ilizitwaa Legoland mwaka 2005, na mwaka 2007 ikaitwaa Tussauds nzima, pamoja na Alton Towers, Thorpe Park na Chessington. Na mwaka ule ule wa 2007 ikauza ardhi na majengo ya baadhi yake, Alton Towers na Thorpe Park zikiwamo, kisha ikazipangisha tena kwa mkataba wa miaka 35. Tangu mwaka 2019 Merlin imo mikononi mwa watu wa ukoo wa Lego, kampuni ya Blackstone, na mfuko wa pensheni wa Kanada, katika ununuzi uliothaminiwa kuwa pauni bilioni 5.9 pamoja na madeni. Nje ya milki hiyo zipo za watu binafsi, kama Paultons Park ya Hampshire, iliyo mali ya familia moja tangu ilipofunguliwa mwaka 1983, na Gulliver's Land ya Milton Keynes, jirani wa karibu kabisa wa Bedford. Na ipo Drayton Manor, iliyokuwa ya familia mpaka mwaka 2020, ilipoingia katika kundi la Looping.

Dai la kwanza: mkubwa atawameza wadogo

Wenye dai hili wana hoja zisizopuuzika. Bustani nyingi za Uingereza hulala wakati wa baridi, ilhali mshindani anajenga majumba makubwa yenye paa, ambamo mvua na theluji havimzuii mtu kustarehe. Ana mikononi mwake hadithi za sinema ambazo watoto wamezijua kabla ya kujua kusoma. Na kwa kuwa ana bustani Florida, California, Osaka, Singapore na Beijing, gharama za kubuni huzigawa baina ya nyingi, jambo asiloliweza mwenye bustani moja.

Mfano wanaoutaja ni wa Osaka. Universal Studios Japan ilifunguliwa tarehe 31 Machi 2001, na mwaka wake wa kwanza ikapata wageni milioni 11. Takarazuka Familyland, iliyokuwa na umri mkubwa, ikafungwa mwaka 2003. Nara Dreamland, iliyojengwa mwaka 1961 kwa kuifuatisha Disneyland ya California, ikafungwa mwaka 2006. Mtu akisoma tarehe hizi tatu kwa mfululizo, ni vigumu kumlaumu akiona maiti na aliyeua.

Walakini ushahidi huu una upungufu. Nara Dreamland ilikuwa nakala, na nakala hukosa sababu ya kuwapo pale asili inapofika jirani. Tena maradhi ya bustani hizi hayahitaji mshindani ili yaue. Uingereza yenyewe iliizika American Adventure ya Derbyshire mwaka 2007, na Camelot ya Lancashire mwaka 2012, pasipo mkubwa yeyote kusimama mlangoni mwao. Na huko Ufaransa, Mirapolis iliyofunguliwa mwaka 1987 ilikufa mwaka 1991, yaani kabla Disney hawajafungua milango ya bustani yao ya Paris, tarehe 12 Aprili 1992. Wala si haki kuusoma mwaka wa kwanza wa Osaka tukaacha wa pili, kwa maana mwaka uliofuata mambo ya aibu yalifichuka, likiwamo la vyakula vilivyopita muda wake, na wageni wakapungua kwa mamilioni. Mkubwa naye hujikwaa.

Dai la pili: wageni watawatosha wote

Kundi la pili husema kwamba soko la burudani si kisima chenye maji ya kiasi, na hujengea hoja juu ya Florida. Tarehe 18 Juni 2010 Universal ilifungua huko mji wa Harry Potter ndani ya Islands of Adventure, na idadi ya wageni wa bustani hiyo, iliyokuwa yapata milioni 4.6 mwaka 2009, ikapanda hadi takriban milioni 7.7 mwaka 2011. Bustani kuu ya Disney, Magic Kingdom, haikuporomoka hata kidogo. Ilibaki na wageni wake wapatao milioni 17. Familia, kama wasemavyo, ziliongeza siku za likizo zikawazuru wote wawili. Kwa Uingereza wanaongeza hoja nyingine: familia nyingi za nchi hiyo huenda Florida na Paris kila mwaka, na fedha hiyo ikibaki nyumbani, sehemu yake itawafikia na wengine.

Hoja hii ni nzuri, na inayo kweli ndani yake, lakini imeacha nje shahidi mmoja. Katika mji ule ule wa Orlando ilikuwapo bustani ya tatu, SeaWorld, na hiyo wageni wake walishuka, kwa makadirio ya watu wa tijara hii, kutoka yapata milioni 5.8 mwaka 2009 hadi milioni 5.1 mwaka 2010. Yaani aliyeongezeka na aliyekuwa mkubwa kabla yake walistawi, na gharama ikamwangukia wa tatu. Sababu yake ni hesabu ya siku: familia yenye siku saba, ikiwa imetenga nne kwa Disney na moja kwa Universal, ilipoona kwamba Universal inastahili mbili, haikuiondoa siku katika zile nne za Disney ambazo ndizo zilizowapandisha ndege, bali iliiondoa kwa yule aliyekuwa akizuriwa kwa sababu tu siku ilikuwapo. Swali lenye manufaa, basi, ni nani kati ya bustani za Uingereza aliye katika nafasi ya yule wa tatu.

Na hapa ndipo Uingereza inapoachana na Florida. Kwenda bustani ya burudani huko Uingereza, kwa familia iliyo nyingi, si likizo ya wiki. Ni safari ya siku moja, aghalabu ya Jumamosi au ya siku za shule kufungwa, na kurudi nyumbani usiku. Familia hiyo huenda mara mbili au tatu kwa mwaka, na tikiti ya Bedford, hata kama bei yake haijatangazwa, haitakuwa rahisi. Zikitoka pauni nyingi siku moja, siku ya pili na ya tatu ndizo zitakazopunguzwa. Ushindani utakuwa juu ya Jumamosi na juu ya akiba ya nyumba, na Jumamosi hazizidi hamsini na tatu kwa mwaka.

Funzo la Hong Kong

Kati ya visa vyote nivijuavyo vya mwenyeji aliyesimama mbele ya mshindani mkubwa, hakuna chenye mafunzo mengi kuliko cha Ocean Park ya Hong Kong, na ni ajabu kwamba katika mjadala wa Uingereza hutajwa kidogo. Bustani hiyo ilifunguliwa mwaka 1977 kwa fedha ya klabu ya mashindano ya farasi, ikakaa juu ya kilima kitazamacho bahari, na ikawa mahali pa shule na jamaa kwenda kuwatazama pomboo na samaki. Serikali ya Hong Kong ilipoingia ubia na Disney, na Disneyland yao ikawa inajengwa kisiwani Lantau, wengi waliihesabu Ocean Park kuwa imekwisha. Mwaka 2003 akateuliwa Allan Zeman, mfanyabiashara wa mikahawa ambaye hakuwa na ujuzi wa bustani hata kidogo, awe mwenyekiti wake.

Zeman alikataa kushindana na Disney kwa silaha ya Disney. Alisema kwa vitendo kwamba wao wana kasri na katuni, na sisi tuna bahari, mlima na wanyama walio hai. Akaendeleza sikukuu ya mizimu ya mwezi wa Oktoba, iliyokwisha kuanza kabla yake, ambayo vijana wa mji waliipenda kwa kuwa ilikuwa na vitisho ambavyo Disney, kwa tabia yao, wasingevithubutu. Na akaandaa mpango wa matengenezo wa dola za Hong Kong bilioni 5.5. Disneyland ilifunguliwa tarehe 12 Septemba 2005. Ocean Park, iliyokuwa na wageni yapata milioni nne kabla ya hapo, ilivuka milioni saba mwaka 2012, ikampita mshindani wake, na mwaka huo huo ikapewa tuzo ya Applause, ambayo ni heshima ya juu katika tijara hii.

Laiti kisa kingekwishia hapo, kingekuwa hadithi ya watoto. Lakini mali iliyotiwa ilikuwa ya mkopo, na mkopo haujali tuzo. Wageni wengi wa miaka ya neema walikuwa watalii wa China bara, na Disney walipofungua bustani nyingine Shanghai mwaka 2016, na machafuko ya Hong Kong ya mwaka 2019 yakafuata, na maradhi ya korona yakaja juu yake, bustani ilijikuta haina cha kulipa. Mwezi wa Mei 2020 baraza la kutunga sheria likalazimika kuidhinisha dola za Hong Kong bilioni 5.4 ili isifungwe. Funzo lake, kwa rai yangu, lina pande mbili zisizotenganishwa: kwamba mwenyeji huweza kumshinda mgeni kwa kuwa yeye zaidi kuliko alivyokuwa, na kwamba ushindi uliojengwa juu ya deni na juu ya wageni wa mbali hauna mizizi.

Mfano wa Uholanzi unalithibitisha lile la kwanza pasipo balaa la pili. Efteling, iliyojengwa tangu mwaka 1952 juu ya hadithi za kale na michoro ya Anton Pieck, ilipomwona Disney akija Paris ilifungua hoteli yake mwaka 1992 na safari ya ndoto, Droomvlucht, mwaka 1993. Haikuitupa misitu yake ya hadithi ikatafuta katuni za kukodi. Leo inapata wageni zaidi ya milioni tano kwa mwaka. Na Disney wenyewe, katika miaka hiyo hiyo, walikuwa wakizama katika madeni ya Paris hata mwaka 1994 ikabidi hesabu zao zipangwe upya, na mwanamfalme Al-Waleed bin Talal wa Saudia akaingia na mtaji.

Njia zilizo mbele ya wenyeji

Njia ya kwanza, na ndiyo ya kuvutia zaidi kwa wenye magazeti, ni kumkabili mgeni kwa urefu na kwa majina. Thorpe Park ilifungua Hyperia mwezi wa Mei 2024, pembea ya reli ya futi 236, ndefu kuliko zote nchini. Na hapana shaka kwamba ilirudisha shauku ya vijana. Lakini urefu hupitwa. Mpango wa Bedford uliomba ruhusa ya mitambo ifikayo mita 115, nayo ni zaidi ya mara moja na nusu ya Hyperia. Majina ya kukodi nayo yana faida na ubaya wake. Paultons Park ilipofungua mji wa Peppa Pig mwaka 2011, wageni wake waliongezeka karibu mara mbili, wakakaribia milioni moja, na bustani ndogo ya mkoa ikawa ya taifa. Hata hivyo jina la kukodi lina mwenyewe, na mkataba wake una mwisho. Tena majina yaliyo makubwa kuliko yote yamo tayari kwa Universal na Disney. Jina la kukodi linafaa pale linapowalenga watoto wadogo ambao mgeni hakuwajengea, na hapo Paultons walikuwa na busara. Kuwafuata vijana wa sinema ni kupigana katika uwanja wa adui.

Njia ya pili ni kupunguza bei. Hii imekwisha kujaribiwa, tena kwa miaka mingi, kwa kuponi za watu wawili kwa bei ya mmoja zilizochapishwa katika maboksi ya vyakula, na kwa pasi za mwaka zinazomwezesha mtu kuingia bustani zote za Merlin mara nyingi apendavyo. Pasi hiyo ni ngao kwa upande mmoja, kwa sababu mwenye nayo hatoki mara moja kwenda kwingine. Lakini kwa upande wa pili inajaza bustani watu waliolipa kidogo, foleni zikarefuka, na ili kuipata ile fedha iliyopungua mlangoni, bustani ikauza haki ya kuipita foleni. Hapo ndipo uharibifu unapoingia: foleni ikishakuwa bidhaa, mwenye bustani hana tena msukumo wa kuifupisha. Sioni jambo lililozidhoofisha bustani za Uingereza machoni pa wateja wake kuliko hili, na mshindani atakapofika, ambaye kwake nako haki hiyo huuzwa, na kwa bei kubwa, mteja atalinganisha kile anachokipata baada ya kungoja.

Njia ya tatu haina sifa wala haipigiwi picha. Ni kuzifanya pembea zilizopo zifanye kazi kila siku, kuzipaka rangi kabla kutu haijaonekana, kuajiri watu wa kutosha ili magari yote ya pembea yatumike badala ya nusu, kuweka chakula ambacho mzazi haoni uchungu kukinunua, na vyoo visivyomtia mtu haya. Gharama zake ni za kila mwaka, wala hazizinduliwi na waziri, na ndiyo sababu hukatwa kwanza. Ila mgeni kutoka Orlando anakuja na kipimo kipya cha siku ya starehe. Mtu aliyezoea kuiona pembea imefungwa bila ya maelezo, akadhani ndiyo kawaida ya dunia, atakwenda Bedford mara moja tu, na akirudi Surrey au Staffordshire macho yake yatakuwa mengine. Alton Towers walilifahamu hili walipoifunga Nemesis, wakabadilisha reli yake na kuifungua tena mwaka 2024, badala ya kuiacha izeeke na kuweka nyingine ya haraka haraka kando yake.

Njia zilizobaki nazitaja kwa ufupi. Hoteli na usiku wa pili huifaa bustani iliyo mbali na miji, kama Alton Towers, kuliko iliyo kando ya London. Kufungua wakati wa baridi kunahitaji majumba yenye paa, na majumba yanahitaji mtaji. Tikiti za pamoja baina ya bustani huru ni jambo jema ambalo halijajaribiwa vya kutosha. Na huko Japani, Hirakata Park, bustani ya kampuni ya reli iliyofunguliwa mwaka 1912, isiyo mbali na Universal ya Osaka, iliokoka kwa kuusemea mji wake. Ilimweka mwigizaji Okada Junichi, mzaliwa wa mji huo huo, awe uso wa matangazo yake, na wageni wakarudi juu ya milioni moja. Watu waliipenda kwa kuwa ilikuwa yao.

Fedha ni ya nani, na inakwenda wapi

Yote haya yangekuwa mepesi lau bustani zingekuwa na uhuru wa kutumia zinachokipata. Lakini bustani iliyouzwa ardhi yake na kupangishwa tena hulipa kodi ya pango mvua inyeshe isinyeshe, na kampuni iliyonunuliwa kwa mkopo hulipa riba kabla ya kumlipa fundi. Sisemi kwamba mauzo ya mwaka 2007 yalikuwa ya kipumbavu. Yaliipatia Merlin fedha ya kupanuka duniani kote, na wenye hisa walinufaika. Nasema kwamba faida ilichukuliwa mapema, na gharama yake ikaachiwa miaka hii, ambayo ndiyo miaka ya kujiandaa. Pembea kubwa, tangu mchoro wa kwanza hadi kibali, misingi na majaribio, huchukua miaka mitatu au minne. Basi uamuzi wa mwaka 2031 ni uamuzi wa leo, nao unafanywa na watu wenye mzigo mgongoni.

Familia ya Paultons haina mzigo huo. Faida wanayoipata huirudisha katika ardhi yao wenyewe, polepole, na ndiyo maana bustani yao, iliyo ndogo kwa kila hesabu, imejenga sehemu mpya baada ya sehemu mpya huku ikisifiwa kwa usafi. Ningesema kwamba tofauti baina ya bustani itakayodumu na itakayodhoofika haiko sana katika ukubwa wala katika umbali wa Bedford; iko katika swali la nani anaimiliki, na anataka irudishe fedha yake kwa muda gani.

Serikali nayo imo katika hesabu. Tikiti za bustani za Uingereza hutozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20. Mwezi wa Julai 2020, wakati wa maradhi, ilishushwa hadi asilimia 5, kisha mwaka 2022 ikarudishwa. Tangu Aprili 2025 mchango wa mwajiri katika bima ya taifa umepanda kutoka asilimia 13.8 hadi 15, na kiwango cha mshahara unaoanza kutozwa kimeshushwa kutoka pauni 9,100 hadi 5,000 kwa mwaka, jambo linaloziumiza zaidi kazi za msimu na za saa chache, ambazo ndizo zilizojaa katika bustani hizi. Wakati huo huo fedha ya umma inajenga stesheni na barabara kwa ajili ya mgeni. Haki haidai mgeni anyimwe barabara, maana watu wa Bedford nao watazitumia. Inadai mwenyeji asitozwe kama kwamba yeye hana lolote analolichangia.

Hukumu

Nikiyaweka yote katika mizani, sioni kifo cha bustani kongwe, wala sioni neema ya bure. Aliye katika nafasi ya yule wa tatu wa Orlando, kwa maoni yangu, ni Thorpe Park. Wateja wake ni vijana wa London na viunga vyake, wanaotafuta mshtuko wa siku moja, na hao ndio watakaofikiwa na treni ya Bedford kwa urahisi, tena mahali penyewe hapana tabia ambayo haiwezi kupatikana kwingine. Chessington na Legoland zitajikinga kwa umri mdogo wa watoto wao, mradi zisiache kuwatunza. Blackpool ina bahari na mji wake, na maradhi yake ni ya Blackpool wala si ya Bedford. Gulliver's Land, iliyo karibu kuliko zote, huenda ikapata kuliko itakavyopoteza, kwani mzazi mwenye mtoto wa miaka minne hana haja ya kulipa bei ya mita 115. Alton Towers iko kwenye njia panda: ina magofu, ina bonde, ina Nemesis ndani ya mwamba, na vyote hivyo mgeni hawezi kuvijenga juu ya uwanda wa matofali hata akipewa fedha zote za Comcast, lakini haina uhuru wa Paultons, na magofu peke yake hayamtoi mtu Jumamosi ikiwa pembea tatu zimefungwa.

Kwa wenye Merlin ushauri ni mmoja, nao ni kwamba fedha ya miaka hii iliyobaki waitie katika mafundi, wafanyakazi na matengenezo ya vilivyopo kabla ya kuitia katika kingine kirefu, na wakae na wenye ardhi na wakopeshaji wao watafute nafasi ya kufanya hivyo sasa, ambapo bado wana cha kujadiliana. Na kwa serikali ya London, ikiwa imepata fedha ya kumjengea Universal stesheni, basi na iteremshe kodi ya tikiti kwa bustani zote, Universal ikiwamo, kwa kuwa nafuu hiyo kwa mkubwa ni nyongeza tu ya faida, na kwa Wicksteed Park na wa mfano wake ni tofauti baina ya kufungua msimu ujao na kutofungua.